Ali wa 1966 na Tyson wa 1988: nani anatoka na mkanda?

FUNDI WA BARABARA YA 9
Wanajamvi, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi ni fundi cherehani, na baraza ya duka langu ndiyo kituo cha wapenzi wa ngumi kila baada ya alasiri, kahawa na kashata mkononi. Tangu Jumatatu hatuna habari nyingine. Muhammad Ali wa Novemba 1966, usiku ule alipomchakaza Cleveland Williams kule Houston katika raundi 3, apandishwe ulingoni na Mike Tyson wa Juni 1988, yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Nani anashinda?

Siku hizo nimezichagua makusudi. Ali ana miaka 24, hajavuliwa mkanda kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, hajakaa nje miaka mitatu na nusu. Tyson anakaribia miaka 22 na kocha wake Kevin Rooney bado yupo kwenye kona yake. Mtu asiniletee Ali aliyechoka wa 1980 wala Tyson wa baada ya jela.

Jana ubishi ulipamba moto nikachukua futi kamba yangu. Mikono ya Ali inaandikwa sm 198, ya Tyson sm 180. Vijana wakarukaruka: sentimita 18, Tyson atamfikia wapi! Nikawaambia tulieni. Bondia hapimwi kama ninavyopima mkono wa kanzu, begani hadi kifundoni. Anatandaza mikono yote miwili, na kamba inatoka ncha ya kidole cha huku hadi ncha ya kidole cha kule, kifua kimo humo humo. Kwa hiyo mkono mmoja unazidi kwa sm 9 tu, upana wa kiganja. Kelele zikapungua.

Nikachora chaki sakafuni. Nikamsimamisha mwanangu, ambaye ni mrefu karibu sawa na Ali (sm 191), na jirani yangu fundi viatu ambaye ni mfupi na amejaa mabega kama Tyson (sm 178). Mwanangu akanyoosha mkono wa kushoto. Jirani akainama, akapiga hatua moja, paji lake la uso likawa kifuani kwa mwanangu. Hatua moja tu, jamani. Mimi ni mtu wa Ali tangu nikiwa mdogo, na tangu jana sina raha. Naombeni hoja.

KIJANA WA CHUMBAGENI
Fundi, jibu umeshalipata hapo kwenye chaki. Tazama na hesabu: 1981 kule Bahamas, Trevor Berbick alimshinda Ali. Novemba 1986 Tyson akampiga Berbick huyo huyo raundi ya pili, akawa bingwa wa uzito wa juu mdogo kuliko wote, miaka 20. Larry Holmes naye alimpiga Ali 1980, Tyson akamwangusha Holmes raundi ya nne 1988. Unataka nini tena?

Halafu msisahau raundi za mwanzo. Hassan Mwakinyo wetu wa hapa hapa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 kupigana na Sam Eggington, mwenyeji, mrefu, amezoea ulingo mkubwa. Raundi ya pili pambano likasimamishwa. Mtu akikuwahi kabla hujapata mdundo wako, urefu wako unakuwa mzigo. Tyson ndivyo alivyofanya kazi. Naweka KO (anaangushwa asiinuke), raundi ya nne.

MZEE WA RASKAZONE
Fundi, salaam. Na wewe kijana, nimekusoma vizuri, ila hesabu yako ya Berbick iondoe mezani. Ali aliyepigana na Berbick alikuwa na miaka 39. Holmes aliyeangushwa na Tyson alikuwa na 38. Ukipanga wazee kwenye mstari huo hupati jibu la vijana.

Nilicheza ngumi za ridhaa nikiwa kijana, uzito mdogo, na kilichonifundisha zaidi ni kuangushwa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa bondia yeyote ni moja: amewahi kuangushwa na ngumi gani? Ali jibu lake liko wazi. Sonny Banks 1962, ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Henry Cooper pale Wembley 1963, kushoto. Joe Frazier, Machi 1971, raundi ya 15, kushoto tena. Watu watatu, mlango mmoja. Na Tyson wa 1988 ngumi hiyo alikuwa nayo, kali na ya haraka, ikitanguliwa na ya mbavu inayokushusha mkono. Kwa hiyo nakubaliana na chaki ya Fundi: Ali ataanguka. Naweka raundi ya tatu.

Sasa tazameni kilichofuata baada ya kila anguko. Banks alisimamishwa raundi ya nne ya pambano lile lile. Cooper alimwangusha mwishoni mwa raundi ya nne, na ya tano Cooper mwenyewe akatolewa kwa jicho kupasuka. Frazier alishinda kwa pointi, ni kweli, lakini Ali aliinuka mara moja na kengele ya mwisho ikamkuta amesimama. Huyo Ali wa 1971 alikuwa ametoka kukaa nje ya ulingo miaka mitatu na nusu. Wa 1966 alikuwa na miguu zaidi ya huyo.

Jambo la pili, kijana. Nani alimaliza raundi 12 na Tyson kabla ya 1988? James Smith na Tony Tucker, wote 1987. Warefu. Smith alimkumbatia usiku kucha, watu wakazomea, lakini alibaki amesimama. Ali alikuwa fundi wa kushika kuliko Smith: mkono mmoja nyuma ya shingo, anamkandamiza chini, anamwachia uzito wake. Alimfanyia Frazier hivyo Januari 1974. Ukimshika shingo mtu mfupi anayetegemea kupanda kutoka chini, umemnyang'anya ngazi.

Na la tatu ni la Fundi. Ulimsimamisha mwanao. Ali hakuwa akisimama. Mwambie arudi nyuma akizunguka kuelekea kushoto kwake, aikimbie ile ngumi ya kushoto, kisha umhesabie jirani yako hatua.

Nampenda sana Ali, sifichi. Alipokuja Dar es Salaam mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Niliumia kwa ajili ya Ali, na bado naona Mwalimu alikuwa sahihi.

KIJANA WA CHUMBAGENI
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kushika umenikamata. Lakini mwamuzi akiwa mkali je? Akikata kushikana kila mara, Tyson anaanza upya akiwa karibu.

MZEE WA RASKAZONE
Marahaba, mwanangu. Mwamuzi mkali akiwepo, nasogea kwako kidogo. Lakini kwenye KO yako ya raundi ya nne sifiki.

DADA WA PONGWE
Ugomvi huu si wa leo. 1969 Ali mwenyewe, akiwa amefungiwa, aliingia ulingoni na Rocky Marciano aliyestaafu bila kushindwa, mapambano 49, wakaigiza raundi nyingi mbele ya kamera ili kompyuta iamue. Mashine ikampa Marciano kwa KO raundi ya 13. Marciano alifariki kwa ajali ya ndege kabla filamu haijaonyeshwa, hakuliona jibu.

Ila hamjasema ni raundi ngapi. Ali alizoea pambano la ubingwa la 15. Baada ya bondia Duk Koo Kim kufariki kwa kipigo cha ulingoni 1982 mapambano yakaanza kupunguzwa hadi 12, na Tyson hakuwahi kuiona raundi ya 13. Hilo ndilo la kuamua kwanza.

FUNDI WA BARABARA YA 9
Dada, ahsante, hilo lilitupita kabisa. Mzee, leo asubuhi kabla ya kufungua duka tumerudia. Mwanangu amezunguka kushoto kama ulivyosema, mikono imefungwa vitambaa vya pamba. Hatua moja ya jirani imekuwa tatu, wakati mwingine nne, na njiani anaguswa uso mara mbili mbili. Dakika ya sita akaomba maji. Lakini mzee, mara moja mwanangu aligota ukutani, hakuwa na pa kuzungukia, na jirani akamgusa ubavu kisha taya, kushoto kote kuwili. Nimeliona anguko lako la raundi ya tatu kwa macho yangu.

Naandika kwenye ubao wa barazani: Ali, raundi 15, kwa pointi, ameanguka mara moja. Za raundi 12 nimeacha wazi. Kijana wa Chumbageni, Jumamosi baada ya alasiri njoo na hoja zako, jirani amekubali kurudia na chaki ipo.