Wikiendi ya kuvua Yambe au Karange: chambo hai tukibebe kwenye ndoo, pipa au dumu la matundu?

Mwana_Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Tupo wanne, tumekodi boti ya faiba yenye mashine ya farasi 40, tunataka kutoka Tanga Jumamosi alfajiri turudi Jumapili mchana. Tunatafuta kolekole na, Mungu akipenda, nguru mmoja wa kupigia picha. Visiwa tunavyovifikiria ni Yambe, Karange au Maziwe.

Kinachonisumbua ni chambo. Safari iliyopita tulinunua vibua 30 wazima ufukweni, tukawagawa kwenye ndoo mbili za lita 20, mfuniko tukaukaza maji yasimwagike. Tunafika nje, nafungua: 26 wamelala ubavu, midomo wazi. Na aliyetuuzia alituapia kwamba watafika. Sasa mwenzangu mmoja anasema tununue kimashine cha mapovu, kama kile cha tangi la samaki wa mapambo. Wa pili anataka pipa lenye pampu. Wa tatu anasema tutoboe dumu tulining'inize ubavuni mwa boti. Wenye uzoefu semeni, hela ni ya mchango na wenzangu wana maneno.

Babu_wa_Deepsea:
Maziwe itoeni kabisa. Ile ni eneo tengefu, havuliwi hata tasi. Na mngelala wapi? Zamani kulikuwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Miti iliisha yote, limebaki fungu la mchanga, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa fungu lenyewe hulioni. Ulenge nayo ni tengefu, kwa hiyo msije mkabadili mawazo mkaelekea kaskazini.

Yambe na Karange zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ile iliyoanzishwa 2009. Humo kila sehemu ina masharti yake. Piteni ofisi ya hifadhi kwanza mwoneshwe pa kuvua na pa kulala, ndipo mnunue ndoano.

Ama hao vibua wenu, walikufa kabla hamjafunga mfuniko.

BintiPangani:
Shikamoo babu. Hapo mwisho fafanua kidogo, maana mimi ningesema mfuniko ndio uliowaua.

Babu_wa_Deepsea:
Marahaba mwanangu. Mfuniko ulimalizia tu. Vibua 30 kwa mpigo, wanauzwa ufukweni alfajiri, wametoka wapi kama si kwenye kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni? Kibua akikokotwa mchangani na wenzake mia, magamba yanamtoka na ule ute wa mwilini unafutika. Ukimtia majini anaogelea vizuri, unalipa, unaondoka. Baada ya saa moja anaanza kwenda upande. Ndoo ungeleta hata ya dhahabu, huyo anasubiri wakati wake tu. Halafu kokoro limepigwa marufuku, kwa hiyo mlinunua chambo na kesi kwa bei moja.

Mvueni wenyewe. Mshipi mwembamba, ndoano ndogo tano au sita zenye vinyoya, chubwi (kile kizito cha kuzamishia mshipi) chini. Akija juu msimshike kwa mkono mkavu wala kwa kitambaa. Shika shina la ndoano, ligeuze juu ya pipa, adondoke mwenyewe. Mkono ukilazimika, uloweshe kwanza. Na akidondoka sakafuni mwa boti akarukaruka, huyo mkateni awe chambo cha vipande, msimrudishe kwa wenzake.

Fundi_Mashine:
Nikija kwenye vifaa: pipa lenye pampu ndilo bora, ila pigeni hesabu ya umeme. Pampu ndogo ya kutoa maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), ya volti 12, inakula kama ampea 2 hadi 3. Betri ya pikipiki ya Ah 7 (yaani ampea moja kwa saa saba) itakupa saa mbili na ushee, ikikuonea huruma tatu. Kwa hiyo ama mnabeba betri ya gari, ama mnaiwasha dakika kumi na kuizima. Kimashine cha mapovu kinakula kidogo sana, betri za tochi zinakipeleka muda mrefu, lakini hakiondoi uchafu. Kinapuliza hewa kwenye maji yaleyale ambayo samaki wanajikojolea.

Na pipa liwe duara. Kibua ni samaki wa kwenda mbele muda wote, ukimtia kwenye sanduku la barafu la pembe nne anajazana kwenye kona na kugonga pua hadi inatoka damu. Bomba la kuingizia maji lilazeni kwa pembeni ili maji yazunguke taratibu. Mtawaona wenyewe wanapanga foleni wakiogelea kukabili mkondo. Taratibu lakini! Niliwahi kufungua pampu yote, vibua wakawa kama nguo kwenye mashine ya kufulia.

Mwalimu_wa_Sayansi:
Naongeza jambo moja, maana kila mtu husema "maji ya moto hayana hewa". Yanayo. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 6 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 25 hubeba karibu 7. Tofauti ni ndogo. Tatizo ni samaki mwenyewe: joto likipanda anapumua na kunya kwa kasi zaidi, basi hewa ileile inaisha mapema na amonia inapanda. Ndiyo maana kivuli kwenye pipa kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Gunia lililoloweshwa juu ya pipa linatosha, mradi hewa ipite.

Mkitaka kupoza, gandisheni maji kwenye chupa mzitie zikiwa zimefungwa. Barafu tupu ikiyeyuka ni maji baridi yasiyo na chumvi, tena ikiwa ya bomba ina klorini. Na msipoze ghafla.

Mimi kwenye lita 100 siweki zaidi ya vibua 15, na njaa waliyotoka nayo baharini waende nayo hivyohivyo. Aliyelishwa anachafua maji.

Mwana_Chumbageni:
15 tu?! Pipa zima?

Mwalimu_wa_Sayansi:
Juzi ulibeba 30 ukabaki na 4. Chagua.

BintiPangani:
😂😂 Hapo amekupata.

Mimi niseme la dumu, maana ndilo ninalotumia. Boti ikiwa imetia nanga, hakuna kitu kinachoshinda dumu la matundu. Maji ni ya bahari yenyewe, joto ni lilelile, betri hakuna, unalala usingizi. Lakini boti ikitembea usithubutu kuliacha majini. Kaka yangu alifanya hivyo kutoka Pangani mjini, mwendo wa kawaida tu, tulipolivuta juu vibua walikuwa wamebandikwa ukutani, macho yametoka. Tena toboeni matundu kwa msumari wa moto na mpige msasa upande wa ndani. Plastiki iliyochongoka inawachana.

Kwa hiyo swali lenu la kuchagua kimoja silielewi vizuri. Mna safari ya kwenda, mna kutwa ya kuhamahama, mna usiku wa kukaa. Usiku ni dumu. Mchana ni pipa. Ndoo ya mapovu mimi ningeiacha nyumbani, au muwekee kamba wa baharini, wale wa kuliwa, wao wanavumilia shida kuliko kibua.

Mzawa_Mwambani:
Kwa nini mbebe chambo toka mjini hata hivyo? Tokeni Mwambani, Yambe mnaiona mbele yenu pale. Fikeni jioni mapema, muwashe taa ubavuni giza likiingia, dagaa na vibua wanakuja wenyewe, na ngisi nyuma yao. Mkipata ngisi mzima basi kolekole mmeshamwita kwa jina. Safari ya chambo inakuwa mita mbili, kutoka majini hadi kwenye dumu.

Mbu wa mikokoni Yambe ni wakubwa, chandarua msisahau.

Babu_wa_Deepsea:
Mzawa kasema kweli, ila taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa watakaa wakiitazama taa yao bure. Na hapo kuna mvutano: giza la mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo ni mkali. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, yanafaa zaidi kumwachia kibua aogelee na ndoano. Tafuteni usiku wa katikati, mwezi uwe unachelewa kuchomoza. Sikilizeni utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), na kila mtu na boya lake. Kibua mtungeni puani kama boti inajongea, mgongoni kama imetulia.

Fundi_Mashine:
Na pampu iwekeeni chujio mdomoni. Gamba moja linatosha kuizima.

Mwana_Chumbageni (wiki mbili baadaye):
Wakuu, tumerudi. Tulipata kibali, tukalala boti ikiwa nangani mahali tulipooneshwa. Taa ilituletea vibua 20 na ngisi watatu. Kwenye pipa tuliweka 11, betri ya gari, gunia juu. Hadi saa nne asubuhi alikuwa amekufa mmoja, na huyo ni yule niliyemshika kwa fulana nikiwa na usingizi. Kolekole watatu, mkubwa kwenye mizani ya nyumbani kilo 7. Nguru alikata mshipi, hakuna picha.

Tisa waliobaki tuliwatia kwenye dumu. Mwenzetu akalifunga kwa kamba ya katani, si tuko Tanga bwana, ikasagika usiku kucha kwenye ukingo wa boti. Kulipokucha tukakuta kipande cha kamba tu, na kaskazi ilikuwa inavuma. Mwenye kuona dumu la bluu lenye matundu likielea upande wa Kigombe, ni letu. Vibua anaweza kuwachukua.