Jessica Jones: mbona Kilgrave si wa zambarau?

Wadau, nimetoka kuangalia episodi ya 8 msimu wa kwanza wa Jessica Jones, ile series ya Marvel, pale Kilgrave (adui wa Jessica anayetawala akili za watu) anamrudisha Jessica kwenye nyumba aliyokulia. Kwenye komiki jamaa ni zambarau mwili mzima, mbona huku wamempa suti tu?

Jibu: Mkuu afadhali walivyofanya. Kwenye komiki ya Daredevil ya 1964 alikuwa jasusi akamwagikiwa kemikali ikambadilisha rangi, ila huku David Tennant anayemwigiza anatisha sababu ni mtu wa kawaida kabisa, anaongea taratibu, anakwambia neno moja unafanya hata hutaki, na zambarau wameiweka kwenye nguo na zile taa Jessica akimkumbuka.

Jibu: Halafu cheki nyumba yenyewe, karudishia mpaka chumba cha utotoni kilivyokuwa, eti ndo mapenzi! Nilikasirika sana. Jessica anampeleka akaokoe familia iliyoshikwa mateka nikadhani atabadilika, wapi.

Jibu: Subiri episodi ya 13, akishaongezewa nguvu rangi inamtokea usoni kidogo. Mashabiki wa komiki tulifurahi hapo.