Naomba ushauri: ruzuku ya pampu za joto hapa Maine

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Lewiston, Maine, kwenye nyumba ya zamani yenye boila ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Ikifika Januari, geji ya tangi unaiona inashuka kwa macho, na mwenye lori hajazi kwa deni.

Efficiency Maine, shirika la jimbo la kusaidia watu kupunguza matumizi ya nishati, inawarudishia wenye kipato cha chini sehemu ya gharama wakifunga pampu za joto (mashine za umeme za kupasha nyumba joto) za nyumba nzima, na aliyepata HEAP, ule msaada wa serikali wa kulipia joto la nyumba, anahesabiwa humo. Sisi HEAP tunapata. Shida ni fundi aliyekuja kupima: anataka alipwe zote kwanza, ruzuku tuifuatilie wenyewe baadaye. Hela hiyo naitoa wapi? Mliokwisha kufungiwa, fundi wenu aliikata ruzuku kwenye ankara, au mlikopa?

La pili, mume wangu anataka boila ing'olewe kabisa. Mimi nasema ibaki, baridi ya huku si ya mchezo. (Anasema umeme ukikatika hata boila haiwaki, na hapo kanishinda.) Nyie mliiacha? Na bili ya umeme ilipanda kiasi gani wakati wa baridi kali?