Je, Wamarekani waliikataa au waliikubali sheria ya afya ya Obama?

Msomaji wa Ngara anauliza:

Hamjambo wanajukwaa. Sisi wafanyakazi wanne wa ofisi moja hukutana kila Jumamosi katika mkahawa mmoja hapa Ngara, tukanywa chai na kubishana hadi chai ipoe. Juma lililopita tulianza na makato ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, kwenye hati zetu za mshahara, na kabla ya chapati kuletwa tukawa tumeshafika Washington. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba Wamarekani wengi waliipinga sheria ya afya aliyoitia saini Rais Obama mwaka wa 2010 ili wasio na bima waipate, na kwamba wabunge waliipitisha kwa ubavu huku wananchi wakilia. Mwingine akamjibu kwamba Wamarekani wengi wanaitaka sheria hiyo, na ndiyo sababu wapinzani wake wameshindwa kuifuta miaka yote hii. Kila mmoja alitoa simu yake na kutuonyesha matokeo ya kura za maoni yanayomuunga mkono, na yote yalitoka kwa watafiti wanaoheshimika.

Nasema kura za maoni kwa maana ya utafiti wa kuwauliza watu wachache ili kujua fikra za wengi, si kura ya maoni kama ile tuliyopiga Agosti 2010 kuhusu Katiba. Lugha yetu imetupa jina moja kwa mambo mawili. Swali langu ni hili: kati ya wenzangu hawa wawili, nani anasema kweli? Na iwapo wote wanasema kweli, basi maoni ya umma kuhusu sheria ya aina hii ni kitu gani hasa?

Mwalimu wa Takwimu anajibu:

Ndugu Msomaji, wenzako wote wawili wanasema kweli, ila mmoja anazungumzia mwaka wa 2014 na mwingine anazungumzia miaka ya karibuni, na huenda hawajui kwamba wanazungumzia nyakati tofauti.

Shirika la utafiti wa afya la KFF limekuwa likiwauliza Wamarekani swali lilelile tangu sheria ilipopita: je, kwa jumla unaitazama sheria hii kwa wema au kwa ubaya? Aprili 2010, mwezi mmoja baada ya saini, asilimia 46 waliitazama kwa wema na asilimia 40 kwa ubaya. Julai 2014 ndipo ilipochukiwa kuliko wakati wowote: asilimia 53 waliitazama kwa ubaya na asilimia 37 tu kwa wema. Tangu 2017 mizani imegeuka, na katika miaka ya karibuni takriban watu sita katika kila kumi wanaitazama kwa wema. Kampuni ya utafiti ya Gallup, ambao huuliza kwa maneno yao wenyewe, waliona jambo hilohilo: Aprili 2017 asilimia 55 waliikubali, na ilikuwa mara ya kwanza kwao kuona walio wengi wakiikubali.

Hata hivyo, tarehe haitoshi kuelezea ubishi wenu, kwa sababu hata ndani ya mwaka mmoja jibu lilitegemea swali. Septemba 2013 kituo cha televisheni cha CNBC kiligawa watu kiliowahoji katika makundi mawili, nusu wakaulizwa kuhusu Obamacare, jina la utani la sheria hiyo, na nusu kuhusu sheria hiyo kwa jina lake rasmi, ambalo ni kama kusema Sheria ya Huduma Nafuu ya Afya. Waliopinga Obamacare walikuwa asilimia 46. Waliopinga jina rasmi walikuwa asilimia 37. Msidhani kwamba jina rasmi lilipendwa zaidi, maana waliounga mkono pia walipungua, kutoka asilimia 29 hadi 22. Kilichoongezeka ni wale waliosema hawaijui, ambao walikuwa asilimia 12 kwa jina la Obama na asilimia 30 kwa jina la kisheria. Yaani jina la mtu liliwaamsha marafiki na maadui kwa pamoja. Mapema mwaka wa 2017 gazeti la New York Times likishirikiana na watafiti wa Morning Consult liligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu ama walidhani hizo ni sheria mbili tofauti au hawakujua kama ni moja.

Ukiifungua sheria yenyewe na kuuliza kifungu kimoja kimoja, picha hubadilika tena. Kifungu kinachomruhusu kijana kubaki kwenye bima ya mzazi hadi atimize miaka 26 kilipendwa hata na wafuasi wengi wa Republican, chama cha wapinzani wa Obama. Kile kinachokataza kampuni ya bima kumkataa mtu kwa sababu alikuwa mgonjwa kabla ya kujiandikisha kilipendwa vilevile. Kilichochukiwa ni kile kilichomlazimisha kila mtu kuwa na bima au atozwe faini. Sasa hapo ndipo penye tatizo ambalo kura za maoni haziwezi kulitatua: ukiwakubali wagonjwa wote bila kuwalazimisha wazima kujiunga, wazima watangoja waugue kwanza ndipo waje kulipa, na mfuko utakauka. Mwananchi anaulizwa kila kifungu peke yake, kana kwamba havitegemeani, naye hujibu hivyohivyo.

Muuguzi Mstaafu wa Kahawa Sukari anajibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naona anaelekea kusema kwamba waliopinga hawakuelewa, na mimi niliyekuwa huko siwezi kulipitisha hilo bila kusema neno.

Nilifanya kazi ya uuguzi Minnesota kwa miaka kumi. Mwishoni mwa 2013 nilipokea barua kutoka kwa kampuni iliyokuwa inanikatia bima, ikiniarifu kwamba mpango wangu haukutimiza masharti mapya na kwamba ungekoma Desemba. Bima hiyo haikuwa nzuri sana, nakiri, lakini nilikuwa nimeizoea na niliweza kuilipa. Rais alikuwa ametuahidi mara nyingi kwamba mtu anayeipenda bima yake angebaki nayo. Tovuti ya PolitiFact, inayopima ukweli wa kauli za wanasiasa, iliitaja ahadi hiyo kuwa uongo mkubwa wa mwaka ule. Nilipojaribu kutafuta bima nyingine kwenye tovuti mpya ya jimbo letu, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba, wengine kama mimi tulikaa tukitazama ukurasa usiofunguka. Baadaye ilijulikana kwamba kwenye tovuti ya serikali kuu, iliyofunguliwa siku hiyohiyo kwa majimbo yasiyokuwa na tovuti zao, siku ya kwanza watu sita tu walifanikiwa kujiandikisha. Mtu akinipigia simu mwezi ule na kuniuliza kama naitazama sheria kwa wema, mnadhani ningemjibu nini? Na sikuwa mjinga.

Tena kulikuwa na waliochukizwa kwa sababu sheria haikwenda mbali vya kutosha. Mwenzangu wa zamu ya usiku alitaka serikali iwe ndiyo bima ya kila mtu, kama Medicare ilivyo kwa wazee, na alipoulizwa alisema haipendi sheria ya Obama. Katika hesabu ya mtafiti aliwekwa kapu moja na jirani yangu aliyeamini kwamba serikali haina haki ya kugusa afya ya mtu.

Lakini nitasema na upande wa pili, maana nilitibu watu wa pande zote. Nilimjua mama mmoja mwenye kisukari ambaye kampuni tatu zilikuwa zimemkataa kabla ya 2014. Alipopata kadi yake alikuja nayo wodini kutuonyesha, na hakuwa hata na miadi siku hiyo. Mwaka wa 2010 wasio na bima kabisa Marekani walikuwa takriban asilimia 16, na katika miaka ya karibuni wamekuwa karibu nusu ya kiwango hicho. Kumbukeni basi kwamba hata wakati ule mbaya, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa tayari na bima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika kura za maoni wenye shibe ndio waliokuwa wengi. Wao waliulizwa kuhusu kitu ambacho kwao kilikuwa hatari kwa kile walichokuwa nacho.

Msomaji wa Ngara anaandika:

Asanteni sana. Dada Muuguzi, umenifungua macho kuhusu lile kapu moja. Bado sijaelewa jambo moja: ikiwa kulikuwa na sababu za kweli za kuichukia mwaka wa 2014, kwa nini mizani iligeuka 2017 na si mapema, wakati faida zilikuwa zimeshaanza kuonekana?

Wakili wa South B anajibu:

Kwa sababu mwaka wa 2017 ndipo ilipokaribia kufutwa kwelikweli.

Kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi, lililotekwa na Republican katika uchaguzi wa Novemba 2010, lilikuwa likipiga kura za kuifuta mara kwa mara, nazo zilikuwa kelele tu kwa kuwa Obama alikuwa Ikulu na kalamu ilikuwa yake. Trump alipoingia, kelele zikawa tishio. Tarehe 4 Mei 2017 Wawakilishi walipitisha mswada wa kuibadilisha kwa kura 217 dhidi ya 213. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, katika Seneti, John McCain, seneta wa Republican mwenyewe, alielekeza kidole gumba chini na mswada mwingine ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Katika miezi hiyo mwananchi hakuulizwa tena kama anampenda Obama. Aliulizwa kama yuko tayari kunyang'anywa, na wengi walipofikiri watakachopoteza walijibu tofauti. Desemba ya mwaka huohuo bunge liliifanya faini ya kutokuwa na bima kuwa sifuri kuanzia 2019, kwa hiyo kifungu kilichochukiwa zaidi kikabaki mifupa mitupu. Siwezi kupima ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa na nguvu zaidi. Mwalimu atanisahihisha, lakini mimi natilia uzito zaidi lile tishio.

Tena naheshimu zaidi kura halisi kuliko simu ya mtafiti. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kila jimbo liko huru kupanua au kutopanua Medicaid, ambayo ni bima ya watu wa kipato cha chini, na magavana wengi wa Republican wakakataa. Ndipo wananchi wa baadhi ya majimbo walipopeleka suala lenyewe debeni, Maine ikiwa ya kwanza mwaka wa 2017, zikafuata Idaho, Nebraska na Utah mwaka wa 2018, kisha Oklahoma na Missouri 2020, na South Dakota 2022. Ukiiondoa Maine, yote hayo ni majimbo yaliyompigia Trump kura. Watu walimchagua mwanasiasa aliyeapa kuifuta sheria, kisha debe la pili wakapiga kura ya kuipanua. Anayetaka kuuita huo unafiki na auite. Mimi naona kwamba waliulizwa maswali mawili, wakayajibu yote mawili.

Kuhusu SHA, ambayo ndiyo iliyowafikisha hapa, nawasihi msiitumie Marekani kama kioo. Kule waliongeza watu juu ya bima za kampuni binafsi. Hapa tulivunja NHIF, mfuko wa bima ya afya wa serikali uliokuwapo tangu 1966, na kuanza upya tarehe 1 Oktoba 2024 kwa mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara. Lakini kanuni ya aliyepata na aliyepoteza ni ileile. Anayelipwa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF, na sasa anakatwa 550. Anayelipwa 100,000 alikuwa akikatwa 1,700, na sasa ni 2,750, na hakuna kikomo juu yake. Kabla hujaniambia wafanyakazi wenzako wanaionaje SHA, niambie kwanza wanalipwa kiasi gani, na ni nani kati yao aliyepeleka mgonjwa hospitali mwaka huu.

Mwalimu wa Takwimu anaongeza:

Sina la kumsahihisha Wakili kuhusu tishio, ila nitaongeza takwimu moja inayolitia nguvu. Gallup huuliza pia kama ni jukumu la serikali kuhakikisha kila Mmarekani ana huduma ya afya. Mwaka wa 2006, chini ya Bush, asilimia 69 walisema ndiyo. Mwaka wa 2013, chini ya Obama, walikuwa asilimia 42. Mwaka wa 2024 walirudi hadi asilimia 62. Swali halitaji sheria yoyote wala jina la mtu, na bado jibu lilishuka wakati serikali ilipoanza kulifanya jambo lenyewe.

Dada Muuguzi, naipokea lawama yako kuhusu wale wasioelewa. Ningepaswa kusema kwamba wengine walielewa vizuri sana.

Msomaji wa Ngara anaandika:

Nimeamua Jumamosi ijayo nitakwenda na vikaratasi. Wawili nitawauliza kama wanaipenda SHA. Wawili nitawauliza kama wangependa wasafishaji wa ofisi yetu wapunguziwe makato ya afya na sisi tuongezewe. Wakili, umenitia wasiwasi kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niko upande wa walioongezewa, na sijui nijipe karatasi ipi.

Muuguzi Mstaafu wa Kahawa Sukari anajibu:

Jipe zote mbili, kisha uje utuambie.