Kundi la ukoo: Mama yuko njiani Chianti, Italia

Neema: Shikamooni wakubwa. Tumeshatoka Firenze, Mama yuko siti ya mbele. Tunafuata Chiantigiana, barabara ya zamani namba 222, mpaka Siena.

Shangazi Rhoda: Marahaba mwanangu. Mbukwenyi wifi! Baridi vipi?

Mama: Ipo kidogo asubuhi. Nimejitanda khanga mbili.

Baraka: Dada, hiyo si kama kilomita 70 tu? Mtafika saa nne.

Neema: Tutafika jioni. Kona ni nyingi, waendesha baiskeli wengi, na kila kilima Mama anasema "simama kwanza nione".

Neema: [Picha]

Neema: Hapa Greve. Uwanja wa soko una umbo la pembetatu, pembeni vibaraza vya maduka. Tumekula. Mama amekataa mkate, hauna chumvi kabisa.

Mama: Nilidhani wamesahau. Kumbe Watoskana, watu wa mkoa huu, ndivyo wanavyooka.

Mjomba Elia: Dada, achana na mkate. Mizabibu ikoje?

Mama: Elia, imejaa mpaka juu ya vilima. Wamo ndani wanavuna. Zabibu nyeusi, ndogo. Nimepewa kichala nikala nusu.

Neema: Inaitwa Sangiovese, mjomba. Mvinyo wa Chianti Classico lazima uwe na asilimia 80 ya zabibu hiyo au zaidi. Eneo lenyewe liliwekewa mipaka na mtawala wao, Cosimo III, mwaka 1716.

Mjomba Elia: 1716! Hayo ndiyo mambo. Zabibu ya Dodoma nayo ingelindwa jina hivyo, mkulima angeshika kitu mkononi. Wanavuna mara ngapi?

Neema: Mara moja tu kwa mwaka. Baridi ikija mizabibu inalala.

Mjomba Elia: Sisi mara mbili, ukipogoa vizuri.

Mama: Elia, nimeona jambo limeniumiza. Chini ya mizabibu kuna vichala vimekaukia ardhini, vingi. Nikaokota kimoja, kilikatwa na mkasi kikiwa kibichi.

Mjomba Elia: Wanakata wanatupa??

Neema: Ndiyo mjomba. Mwenye shamba katueleza: Julai, Agosti wanapunguza vichala ili vinavyobaki vipate utamu. Na sheria ya Chianti Classico hairuhusu zaidi ya tani 7.5 kwa hekta.

Mjomba Elia: Mimi nisingeweza. Kila kichala nakihesabia ada ya shule.

Shangazi Rhoda: Hata mimi roho ingeniuma.

Baraka: Dada, umeonja mvinyo lakini?

Neema: Naendesha, na Mama yuko garini. Nimenunua chupa mbili, ziko kwenye buti. Zina nembo ya jogoo mweusi shingoni.

Baraka: Jogoo wa nini?

Neema: Wanasimulia kwamba Firenze na Siena waligombea mpaka. Wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi, aondoke jogoo akiwika. Watakapokutana ndipo mpaka. Siena wakamshibisha jogoo wao mweupe. Firenze wakamfungia mweusi gizani na njaa, akawika usiku wa manane. Wakakutana karibu kabisa na Siena.

Shangazi Rhoda: Maskini jogoo!

Mama: Elia, mwanzo wa kila mstari wamepanda waridi. Nikafikiri ni urembo. Wanasema waridi hushikwa na ugonjwa wa ubwiri unga mapema, mkulima anapata habari kabla haujafika kwenye zabibu.

Mjomba Elia: Subiri. Hilo lirudie.

Mama: Waridi. Mwanzo wa mstari.

Mjomba Elia: Msimu uliopita ubwiri ulinila robo ya shamba, nikaona majani yameshakuwa meupe. Rhoda, yale maua ya mbele ya nyumba yako yanashika kwa kijiti?

Shangazi Rhoda: Yanashika. Njoo na panga Jumamosi.

Mjomba Elia: Dada, nipigie picha nguzo ya mwisho, pale waya unapofungwa. Karibu, si kwa mbali.

Mama: [Picha]

Mjomba Elia: Hiki ni kidole chako.

Mama: [Picha]

Mjomba Elia: Hapo sawa. Nimeona fundo.