Grafu za pau kwenye MATLAB: kila mwalo upana wake, rangi yake. Naomba msaada

MwanaChuda
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nina data ya samaki waliopokelewa katika mialo minne: Deep Sea, Sahare, Tongoni na Kigombe. Aina sita za samaki, msimu wa kaskazi na wa kusi. Kila mwalo nimeuchorea grafu yake kwa amri ya `bar`. Shida: Deep Sea pau ni nyembamba, Tongoni ambako nina aina tatu tu pau zimevimba kama magogo. Kigombe nina data ya kusi peke yake, nayo imetoka bluu, wakati kwingine kote bluu ni kaskazi. Msimamizi kazirudisha, anasema hazilinganiki. Nirekebishe kwa mkono moja moja, au kuna njia?

Fundi_wa_Ngamiani
Kwa mkono usithubutu. Leo utazipanga, kesho ukiongeza data unaanza upya.

Programu haijui kwamba grafu zako ni ndugu. Kila moja inaikadiria peke yake: mhimili unanyooshwa ujae, kwa hiyo pau chache zinanenepa. Rangi nazo zinatolewa kwa zamu ya safu wima. Kusi akija peke yake anakalia kiti cha kaskazi.

Mkataba wa Excel
Hamia Excel tu mkuu, dakika tano umemaliza.

Fundi_wa_Ngamiani
Excel nayo inapanga mizani yenyewe usipoizuia, kwa hiyo ugonjwa utaukuta huko huko.

MwanaChuda, kila mwalo upe jedwali la ukubwa uleule: mistari 6, safu wima 2 (ya kwanza kaskazi, ya pili kusi), mpangilio wa samaki usibadilike. Pasipo data weka `NaN`, usiweke sifuri. Sifuri inasema ulikwenda ukapima ukakosa. `NaN` inasema hukupima. Kisha andika faili moja, `chora.m`:

```
function chora(Y, aina, jina, juu)
figure('Units','centimeters','Position',[2 2 12 8])
h = bar(1:6, Y, 0.8);
set(h(1),'FaceColor',[0.2 0.2 0.2])
set(h(2),'FaceColor',[0.75 0.75 0.75])
xlim([0.4 6.6])
ylim([0 juu])
set(gca,'XTick',1:6,'XTickLabel',aina)
set(gca,'FontSize',11,'Position',[0.15 0.15 0.8 0.75])
title(jina)
print(jina,'-dpng','-r300')
```

Hiyo 0.8 ni sehemu ya nafasi ambayo kila upau umetengewa ndani ya kundi lake, wala si sentimita. Ndiyo maana `xlim`, yaani mipaka ya mhimili mlalo, ikifungwa na picha zikawa na ukubwa mmoja, upana unatulia wenyewe. Rangi nimeweka kijivu kilichokoza na kilichopauka kwa makusudi, maana najua ripoti itaishia kwenye printa ya wino mweusi.

MwanaChuda
Kaka, ahsante sana. Hiyo `juu`, kikomo cha mhimili wima, naitoa wapi?

Fundi_wa_Ngamiani
Unganisha majedwali yote manne, chukua namba kubwa kuliko zote, ongeza kidogo:
`W = [D; S; T; K]; juu = 1.05*max(W(:));`
`max` inairuka `NaN` yenyewe.

Bi Takwimu
Hapo nina neno. Mizani moja kwa wote ni sawa kama mialo inakaribiana. Deep Sea ikiwa kubwa mno, Tongoni itabaki ukucha chini ya karatasi na msomaji ataona hakuna kitu. Jiulize unalinganisha nini. Kama ni wingi wa samaki, iache mizani moja hata Tongoni ikidogoka, huo ndio ukweli wake. Kama ni mchanganyiko wa aina, geuza asilimia za kila mwalo kwa kila msimu, na `ylim([0 100])` itatosha kote. Mimi ningeweka zote mbili, kila moja na maelezo yake chini. Ila usije ukaanzisha mhimili wima juu ya sifuri ili tofauti ionekane. Urefu wa upau ndio namba yenyewe, ukikata mguu umeidanganya.

Mkataba wa Excel
Si aweke mizani ya logi, ile ya 1, 10, 100?

Bi Takwimu
Kwa nukta sawa. Kwa pau hapana, mizani ya logi haina sifuri, upau utasimamia wapi?

MwanaChuda
Dada nimekuelewa, nimezichora za wingi na za asilimia. Zimetoka sare, hata kwenye Octave (programu ya bure inayofanana na MATLAB) nyumbani faili hilohilo limekubali. Kigombe kusi imebaki kijivu kilichopauka na upande wa kaskazi uko wazi.

Mchuuzi wa Deep Sea
Mimi grafu sijui, ila dagaa pale wanauzwa kwa ndoo, nguru kwa kilo. Umewaweka kwenye mstari mmoja vipi?

MwanaChuda
Swali zuri mzee wangu. Ndoo niliipima tupu, nikaipima na dagaa, nikatoa. Zote ni kilo.

Mchuuzi wa Deep Sea
Ndoo ya Deep Sea au ya Sahare? Maana hazilingani.

MwanaChuda
Kila mwalo nimepima ndoo yake.

Bi Takwimu
Basi liandike hilo kwenye sura ya mbinu, msimamizi atakuuliza kabla hata hajaangalia rangi.