Mjadala: Je, bei ya Osamu Tezuka ndiyo iliyowafukarisha wachora katuni wa Japani?

MLETA MADA

Ndugu wasomaji, hoja ninayoileta ni ya zamani kwa Wajapani, ila kwetu sisi tuliokulia katuni zao, tukiwa tumebanana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, haijajadiliwa vya kutosha. Swali ni hili: Osamu Tezuka, mwanzilishi wa studio ya Mushi Production, anastahili kulaumiwa kwa ujira duni wanaolipwa wachoraji wa filamu za katuni nchini Japani hadi leo?

Wako wanaosema ndiyo bila kusita, na anayesikika kuliko wote ni Hayao Miyazaki, mwongozaji mashuhuri wa filamu za katuni nchini humo. Tezuka alifariki tarehe 9 Februari 1989, na mwaka huohuo Miyazaki aliandika kwamba mchango wa marehemu katika vibonzo vya kuchapishwa anauheshimu, lakini katika uhuishaji karibu kila alichokisimamia kilikuwa makosa, na bei aliyouzia vipindi vyake vya kwanza iliwafunga kamba wote waliofuata. Kwetu mtu hasemwi hivyo kabla matanga hayajaanuliwa. Ndiyo maana maneno hayo yalishtua, na ndiyo maana yangali yanarudiwa.

Tezuka alizaliwa Toyonaka, jimbo la Osaka, tarehe 3 Novemba 1928, akakulia mji wa Takarazuka katika nyumba ambayo baba alikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu. Mwezi Aprili 1945, Osaka ikiwa imeteketezwa kwa mabomu, aliingia ukumbi wa sinema uliokuwa bado umesimama, akatazama filamu ya katuni ya propaganda iliyotengenezwa kwa amri ya jeshi la majini, akalia, na akajiapiza kwamba siku moja naye atatengeneza filamu ya namna hiyo. Alisomea udaktari. Mwaka 1961, mwaka uleule alioanzisha studio, alipewa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa mbegu za uzazi za konokono. Hilo nalitaja kwa sababu linaonyesha aina ya mtu tunayemjadili: hakujua kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Na neno lenyewe, mushi, ni mdudu kwa Kijapani, kwa kuwa wadudu ndio waliokuwa mapenzi yake tangu utotoni.

Tarehe 1 Januari 1963 kituo cha Fuji kilirusha kipindi cha kwanza cha Tetsuwan Atom, mtoto wa chuma ambaye nje ya Japani anajulikana kama Astro Boy. Kilikuwa kipindi cha nusu saa, kila wiki, na kiliendelea hadi mwisho wa mwaka 1966 kikiwa kimefikisha sehemu 193. Ili kuelewa ukubwa wa ujasiri huo, kumbuka kwamba studio kubwa ya Toei, yenye wachoraji wengi kuliko yeye, ilihitaji mwaka na zaidi kukamilisha filamu moja ndefu.

Aliwezaje? Alipunguza michoro. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na katika kazi kamilifu ya siku zile mchoro mmoja ulishikiliwa fremu moja au mbili. Mushi walishikilia mchoro mmoja fremu tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde, tena hapo ndipo pana harakati. Mhusika akizungumza, uso hutulia tuli na mdomo peke yake hufumba na kufumbua. Atom akiruka angani, mchoro uleule mmoja, kwenye plastiki angavu, huvutwa taratibu juu ya picha ya mawingu, kisha plastiki hiyo hufutwa vumbi na kuhifadhiwa katika kile walichokiita benki, ili wiki ya tatu Atom aruke tena bila mtu kushika kalamu. Ubahili huo haukuwa wake peke yake, kwa kuwa Wamarekani wa Hanna-Barbera walikwisha kuuzoea. Yeye aliongeza hadithi zenye huzuni na mashaka ambazo watoto hawakuwahi kuzipata katika katuni, na watoto wakasamehe mdomo unaopepesuka katika uso wa sanamu.

Sasa bei. Kiasi kinachotajwa zaidi ni yen 550,000 kwa sehemu moja, ingawa yako maelezo ya baadaye kwamba fedha halisi zilizolipwa zilizidi hapo. Vyovyote iwavyo, hazikutosha gharama. Tezuka mwenyewe alieleza kwamba aliitaja bei ya chini kwa makusudi, akiamini washindani wataogopa kuingia. Hesabu hiyo ilimgeuka upesi, maana kabla mwaka 1963 haujaisha vipindi vingine vitatu vya aina hiyo vilikuwa hewani, kimojawapo cha Toei.

Msimamo wangu ni kwamba kosa lilikuwepo, lakini si hilo lililoleta ufukara. Pengo la Tezuka lilizibwa na mapato ya vibonzo vyake, mauzo ya Marekani kupitia kampuni ya NBC, na vitu vyenye sura ya Atom, zikiwemo stika zilizotolewa pamoja na chokoleti za Meiji, mdhamini wa kipindi. Wachoraji wake aliwalipa vizuri, na baadhi yao aliwavuta kutoka Toei kwa ahadi ya mshahara mnono zaidi. Waliokuja baada yake waliichukua bei wakaiacha mihimili iliyoibeba.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, nakuheshimu, lakini umemtetea mtu kwa ushahidi unaomtia hatiani. Mimi kazi yangu ni hii ya kuchora, hapa Dar es Salaam, na nitakueleza bei ya kuanzia inavyofanya kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mteja tangazo la sekunde 30 kwa bei ya kutupa, nikijiambia kwamba akishaona ubora wa kazi atanilipa ipasavyo safari ya pili. Safari ya pili ilipofika nilitaja bei halali. Yule bwana hakubishana nami hata kidogo. Alifungua droo, akatoa ankara yangu mwenyewe, akaiweka mezani na kuigeuza ili niisome vizuri.

Ndivyo Tezuka alivyowafanyia wenzake, ila ankara aliiandika yeye na kuonyeshwa walionyeshwa wao. Unasema alikuwa na mihimili: vibonzo, stika, Marekani. Sawa. Lakini tajiri anayeuza kwa hasara kwa sababu ana shamba jingine hawezi kudai hakumdhuru jirani ambaye shamba lake ni hilohilo moja. Alijua fika kwamba hakuna studio nyingine yenye mchora vibonzo mashuhuri wa kuziba pengo kila mwezi. Wewe mwenyewe umesema alikusudia waogope. Mtu akikusudia kuwazuia wenzake mlango kwa bei, halafu wenzake wakapita wakaumia, tusiseme walioumia ndio walioleta maumivu.

Leo wachoraji wa picha za kati, wale wanaojaza hatua baina ya pozi moja na jingine, hulipwa kwa idadi ya michoro, na malipo yanayotajwa mara nyingi ni yen mia mbili na ushei kwa mchoro. Mchoro wenye nywele zinazopeperuka na mikunjo ya nguo hula nusu saa, na kuzidi. Pigeni hesabu.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi naona mnamwonea kwa kumkumbuka kwa Atom peke yake. Mwaka 1965 Mushi walitoa Jungle Taitei, simba mweupe wa Afrika, katuni ya kwanza ya Japani kutengenezwa kwa rangi kama mfululizo wa televisheni. Kwao simba huyo anaitwa Leo, na Wamarekani wakambatiza Kimba, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulitamka mbele ya wageni. Mbona hamzungumzii ugomvi wa mwaka 1994, pale wengi walipoona Disney wamechota humo wakamleta Simba wao?

MLETA MADA

Ndugu mchangiaji wa pili, ugomvi wa simba hao wawili unahitaji uzi wake, na jina la huyo wa Marekani naomba tulifunike kwa kawa.

Narudi kwa ndugu mchoraji, kwa sababu mfano wa ankara umenigusa na sehemu yake naikubali. Nilipoandika kwamba kosa si lililoleta ufukara, nilikaza mno. Tezuka alifungua mlango huo akijua. Hata hivyo naomba tutazame kilichotokea mlango ukiwa wazi. Mushi yenyewe ilibomoka: Tezuka aliacha uongozi mwaka 1971, na mwaka 1973 kampuni ikafilisika. Bei ile haikumnusuru hata mwenyewe, na bado wenye vituo na wadhamini waliendelea kuishika kama msahafu. Waliokuwa vijana wa studio hiyo ndio walioanzisha studio za Madhouse na Sunrise mwaka 1972, kwa hiyo walijua vema kuliko mtu yeyote kilichomuua mzazi wao.

Kisha ukaja utaratibu wa kamati za uzalishaji, ambapo kituo cha televisheni, mchapishaji, mwenye kampuni ya muziki na mtengeneza vikaragosi huchanga fedha pamoja na kugawana faida pamoja, huku studio inayochora ikilipwa kiasi kilichokatwa mwanzoni na kuondoka. Stika za chokoleti zilizomwokoa Tezuka mwaka 1963 leo zina wenyewe, na wenyewe si wachoraji. Huo uamuzi Tezuka hakuufanya. Aidha, studio ya Kyoto Animation waliwaajiri wachoraji wao kwa mshahara badala ya kuwahesabia karatasi, katika nchi ileile na soko lilelile, jambo linaloonyesha kwamba kamba aliyoisema Miyazaki ilikuwa na fundo la kufunguka.

Ninachomdai Tezuka ni kimoja. Mwaka 1984 alitoa filamu fupi iitwayo Jumping, ya dakika chache, ambamo mtazamaji anaona kwa macho ya mtu anayeruka, kila mruko ukizidi uliotangulia, juu ya paa, juu ya mji, juu ya bahari, bila kukatwa hata mara moja. Mandhari yote husogea muda wote, kwa hiyo hakuna mchoro wowote ungeweza kurudishwa benki. Alijua, basi, kazi kamili inagharimu nini, na alikuwa na sauti ambayo kituo chochote cha televisheni kingeisikiliza. Sauti hiyo angeitumia mapema zaidi kwa ajili ya wengine.

Nami nina swali kwako, ndugu mchoraji. Ankara ilipowekwa mezani, ulifanyaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nilikubali. Ilikuwa mwisho wa mwezi.